Malalamiko kwa Niaba ya Mizizi ya Maharage

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Umeme,

Natumaini barua hii itakukuta taa zikiwaka. Za kwetu hazijawaka tangu jana.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Nachunguza jinsi uga wa umeme unavyoelekeza mizizi. Nimeotesha maharage kwenye pamba yenye maji, katikati ya vibati viwili vilivyounganishwa na soketi kupitia adapta: kimoja chanya, kimoja hasi. Mizizi inatakiwa ipinde kuelekea hasi. Isipopinda kufikia Ijumaa, msimamizi wangu amesema nitafute mada nyingine na, kwa jinsi alivyonitazama, msimamizi mwingine pia.

Ninalalamikia haya:

1. Mnakata umeme bila kuwaarifu wahusika. Binadamu akikatiwa huwasha mshumaa. Mzizi hubaki palepale, haujui hasi ni upande gani. Najua mizizi hupenda giza. Sizungumzii giza, nazungumzia mwelekeo.

2. Nilipopiga simu, fundi wenu aliniuliza ni friji au televisheni. Nikamwambia ni maharage. Akanishauri: “Dada yangu, yapike kwa mkaa.”

3. Umeme ukirudi, hurudi kwa kishindo. Mara ya mwisho uliporudi, mche mmoja niliokwisha kuuzoea ulinyauka siku hiyohiyo. Sikulia. Niliinama tu kwa muda.

4. Nyumbani nimekuwa kichekesho. Kaka yangu huuliza tutavuna lini. Mama hapiti mlangoni kwangu bila kuguna.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtaa mzima ukatiwe umeme isipokuwa chumba changu. Kinyozi wa jirani atateta, lakini nywele huota bila kuelekezwa. Naomba pia wewe mwenyewe uje Ijumaa kumthibitishia msimamizi kwamba mizizi ilikuwa na nia njema.

Wasalimie wote ofisini, na wanaopanda nguzo, na hata yule wa mkaa.

Wako katika subira iliyobaki kidogo,
Mtafiti wa chumba cha uani

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimeyatazama tena maharage. Mizizi yote imepinda upande wa hasi, vizuri kuliko siku zote, na umeme bado haujarudi. Nimemuuliza Mama. Kumbe kila asubuhi huyamwagia maji kidogo, upande huo tu, kwa sababu ndiko mkono wake unakofika bila kugusa nyaya. Anasema nilivyokuwa nikiyakodolea macho, alidhani nimesahau kwamba mimea hunywa. Ijumaa itanibidi nimweleze msimamizi ukweli, kwamba mizizi ilifuata maji. Hadi hapo, tafadhali msirudishe umeme. Nataka nione mkono wa Mama utayafikisha wapi.