Mchezaji Anayesalimia Watu Katikati ya Mpira

Othaya,
9 Agosti 1972

Kwa Katibu,
Kamati ya Mpira ya Wilaya,
Nyeri.

Bwana Katibu Mheshimiwa,

Nimeshika kalamu nikiwa na afya, lakini roho haijatulia. Mimi ni Ngatia, beki namba mbili wa Othaya. Namshtaki Wamae, winga wa timu ya Gereji ya hapo Nyeri mjini, na naomba akatazwe kufurahi kwa uwanja kabla ya fainali ya Jumamosi. Sisemi asicheze. Acheze, lakini akiwa na huzuni kidogo kama sisi wengine.

1. Anasalimia. Mechi ya Mei alikuja mbio na mpira, akasimama mbele yangu, akaninyoshea mkono, akasema, "Ngatia, mama ameamkaje?" Bwana Katibu, wewe ni mtu wa huku. Mtu akiuliza mama yako na mkono uko hapo mbele, utauacha ukining'inia? Niliushika, nikamwambia ameamka vizuri, ni mguu tu unamsumbua. Kumbe mkono wake ulikuwa na mimi, mguu wake ulikuwa na kazi ingine. Goli.

2. Mechi ya Juni nilicheza nimefunga mikono nyuma. Akaniuliza kama ng'ombe yetu amezaa. Ukweli ni kwamba alikuwa amezaa asubuhi hiyo, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Nikaanza kumweleza rangi ya ndama. Goli ingine.

3. Akifunga hakimbilii wenzake. Anazunguka uwanja akisalimia watu mmoja mmoja, mzee na mtoto. Refa angepuliza filimbi, lakini yeye pia huwa amepiga foleni.

4. Mama yangu mwenyewe, Waithira. Kila mapumziko huniletea uji kwa kibuyu. Juni nilimwona na macho yangu akimpa Wamae. Nilipouliza nyumbani alisema, "Huyo ameulizia mguu wangu. Wewe unaishi na huu mguu na hujawahi." Niliramba kifuniko.

5. Bwana Tulsidas, mwenye duka ninapofanya kazi, hajui ofsaidi wala kona. Tangu nimjue alikuwa anafunga duka siku moja tu kwa mwaka, sikukuu yao ya Diwali. Siku hizi Gereji wakija anafunga saa saba, anabeba kiti yake, anaenda kukaa upande wao.

6. Nilikuwa nayo, imepotea kwa hasira.

Sasa kapteni wetu Hezekiah amesema mbele ya timu nzima ati nikishika huo mkono tena Jumamosi, navua jezi namba mbili nibaki wa kubeba maji. Hiyo jezi nimeingojea miaka tatu. Kwa hivyo naomba Kamati iandike sheria: salamu ni baada ya mpira. Ikishindikana, avae glavu za kulehemu za huko gereji, tuone nani atashika. Na hiyo ikishindikana, mtafutieni timu Kagio, hiyo ni wilaya ingine, wasalimiwe wao.

Wasalimie wote wa ofisi, na mama watoto, na kama uko na ng'ombe, natumaini anakula vizuri.

Ni mimi, kwa heshima na haraka,
Ngatia,
Beki namba mbili (mpaka sasa)

Nyongeza: Nilikuwa natoka kwenda posta nikakutana na Wamae kwa mlango wa duka, amekuja kununua bolti za kinu cha posho. Akaninyoshea mkono. Barua ilikuwa kwa mkono wangu. Ameisoma yote hapo kwa kaunta, pole pole, akacheka kwa ile ya uji, akasema hakuna mahali nimedanganya, na ile namba sita pengine ni ya siku alimsalimia golikipa wetu akatoka golini kumfuata. Ndiyo hiyo. Amesema stempu ni ya nini, anarudi Nyeri saa hii, atakuletea mwenyewe. Kwa hivyo huyo amesimama mbele yako ndiye. Msomee sheria. Lakini kama umeshamshika mkono, basi usiandike kitu, na uje Jumamosi mapema. Nitakuwekea nafasi karibu na mama.