Bei ya Kavumbi

Dola ilipofika shilingi mia na sitini, wakubwa wa serikali waliwaambia wananchi wasiwe na wasiwasi, na wananchi wakajua kwamba sasa wasiwasi ni faradhi. Sukari ilipanda, mafuta ya kupikia yakapanda, petroli ikapanda ikasahau njia ya kushukia. Mheshimiwa mmoja alisimama jukwaani akasema kosa ni la serikali iliyopita, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwamo katika serikali iliyopita, alipigiwa makofi mara mbili.

Kavumbi alikuwa na tuktuk, na kwa bei ile ya petroli kazi yake ilikuwa kama sadaka kwa abiria. Lakini Kavumbi hakuumbiwa usukani. Aliumbiwa ulimi. Asubuhi moja alikuwa Marikiti akibishana na Mbodze, muuza nyanya, na Mbodze kwa hasira zake akamtupia habari asiyoijua thamani.

"Wewe walilia nyanya, wenzio wafa na dola ndani! Yule mzee wa mashuka wa Mji wa Kale, aliyekuwa akileta mzigo kutoka Dubai, wasema ameacha dola kabati zima. Na mjane wake yuko eda, hata mlangoni hatoki."

Kavumbi akaiweka nyanya chini taratibu. Mjane wa Kiislamu aliye eda hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki ovyo, na mwanamume asiye maharimu wake huzungumza naye pazia likiwa katikati. Kavumbi alilifikiria pazia hilo kwa mapenzi makubwa. Mwanamke aliyefungiwa ndani tangu mumewe afe, angejuaje dola imefika wapi? Huyo, alijiambia, yungali kwenye bei ya marehemu.

Basi mpango ukajipanga wenyewe. Angekwenda kumwambia mjane kwamba shilingi imepata nguvu na dola inaporomoka, azinunue dola zake kwa bei ya huruma, kisha aziuze mjini kwa mia na sitini kabla ya alasiri. Ili apate mtaji, aliiuza tuktuk siku ileile kwa mtu wa Likoni, pale Feri, kwa shilingi laki mbili na nusu. Aliagana nayo bila chozi, maana aliamini baada ya wiki atanunua mbili.

Ila mjanja hodari hasimamishi uongo bila nguzo, na nguzo ilikuwa Shimanzi. Huko kulikuwa na rafiki yake Jared, karani wa godauni, ambaye tajiri wake alikuwa amemkabidhi dola elfu tano za kulipia mzigo.

"Ikifika saa kumi na moja hazijarudi," Jared alisema, bahasha ameikumbatia, "mimi si karani tena. Mimi ni mshtakiwa."

"Ndugu yangu, zaenda kuonekana tu, kama bibi harusi."

"Bibi harusi huwa harudi kwao, Kavumbi."

"Huyu atarudi, na shilingi elfu kumi zako za ada mkononi."

Jared alikuwa na karo ya watoto, na sukari ilikuwa bei ile niliyokwisha kuisema. Bahasha ikatoka.

Baada ya adhuhuri Kavumbi alibisha hodi Mji wa Kale, amevaa kanzu ya kuazima na kofia ya kwake. Alimkuta Mzee Huzaifa, kaka mkubwa wa mjane, pamoja na majirani wawili waliotoka kusali. Nyuma ya pazia la kijani alikuwa Bi Mwanakuu mwenyewe. Salamu zilichukua muda wake, kwa sababu Mombasa mtu hatapeliwi kabla ya kuulizwa hali ya nyumbani.

"Pole na msiba, mamangu. Mungu amrehemu mzee wetu."

"Amin, mwanangu. Karibu. Mimi ni mtu wa ndani, ya nde siyajui. Nambia, kuna habari gani?"

"Habari ndiyo iliyonileta. Mimi ni mfanyabiashara wa fedha. Mamangu, dola imeanguka! Leo ni mia na ishirini na tano, na Ijumaa itakuwa mia na kumi. Watu wazitupa. Hizi hapa nimezinunua asubuhi hii." Akaiweka bahasha ya Jared juu ya mkeka, akaifungua noti zionekane. "Mia na ishirini na tano kila moja, tena kwa kuwahurumia tu wenyewe."

"Subhanallah," akasema Mzee Huzaifa, na rangi ikamtoka usoni.

Pazia likasogea kidogo. "Mia na ishirini na tano, mwanangu?"

"Wallahi."

"Hebu rudia, wazee wasikie."

Kavumbi akarudia, kwa raha zake. Akaongeza kwamba habari ameipata kwa mtu wa ndani kabisa.

"Alhamdulillahi!" sauti ya Bi Mwanakuu ilitetemeka. "Basi wewe umeletwa na Mungu. Watu wavumisha kuwa marehemu ameacha dola. Marehemu ameacha deni la dola, elfu tano, kwa tajiri wake wa mashuka huko Dubai. Na roho ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Tangu afe usingizi nausikia kwa wenzangu. Nipa hizo, mwanangu. Nitakulipa kwa mia na ishirini na sita, nawe upate cha jasho lako."

Kavumbi aliwahi kushikwa na askari, na waume za watu, na mara moja na mbwa. Lakini hajawahi kushikwa hivi.

"Hizi, mamangu... hizi zina mwenyewe."

"Si wasema umezinunua asubuhi?" akauliza Mzee Huzaifa.

"Nimezinunua."

"Basi mwenyewe ni wewe."

"Nilikuwa naona tungoje Ijumaa," Kavumbi alisema, akiivuta bahasha upande wake. "Itakuwa mia na kumi. Mama apate nafuu zaidi."

"Deni la maiti halingoji nafuu," likasema pazia.

"Nawe kwa nini ule hasara ya Ijumaa, kijana mwema kama wewe?" akasema Mzee Huzaifa kwa uchungu wa kweli. "Uza leo!"

Kukataa kulikuwa na maana moja tu: kusema kwamba ameapa kiapo cha uongo mbele ya wazee watatu, ndani ya nyumba ya matanga. Shilingi laki sita na thelathini elfu zilitoka chini ya pazia, zimefungwa ndani ya kanga. Dola zikaingia. Ikasomwa fatiha ya kutilia baraka, na Kavumbi akainua mikono kama mtu anayejisomea mwenyewe.

Mzee Huzaifa aliaga kwa haraka akatoka, hata kahawa hakuimaliza. Majirani wakamfuata hadi barazani. Kavumbi akabaki akitafuta viatu vilivyokuwa mbele yake.

"Mamangu," alinong'ona, "kweli hukuwa ukijua bei?"

"Mwanangu," pazia likamjibu polepole, "eda imenikataza wanja na manukato. Haikunikataza simu. Lakini wewe uliapa. Ningekukanushaje mbele ya wazee?"

Barabara ya Digo dola zilikuwa zikiuzwa mia na sitini, wala hapakuwa na wa kumhurumia. Ili zitimie elfu tano za Jared, Kavumbi alitia juu laki moja na sabini elfu katika pesa za tuktuk. Jared alizipokea saa kumi na nusu, akazihesabu, akaona zimetimia. Halafu akadai elfu kumi zake.

Baadaye serikali ilikopa upya ili ilipe deni la zamani, walimwengu wakaridhika, na shilingi ikainuka ghafla kama mgonjwa aliyesikia harufu ya pilau. Kila mheshimiwa alidai ni yeye aliyeiombea. Idi ilipofika, dola ilikuwa mia na thelathini. Siku hiyo Mzee Huzaifa alimkuta Kavumbi Feri, anaendesha tuktuk ya kukodi, akamkumbatia na kumpa sahani ya halwa.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa na dola zangu za hija ndani. Uliposema zaanguka, nilitoka mbio. Nikawakuta wabadilisha fedha wa Barabara ya Digo bado wazinunua karibu na mia na sitini! Nikajua maskini habari haijawafikia. Nikawauzia zote, Mungu anisamehe. Juzi nimezinunua tena kwa mia na thelathini, na faida imetimiza pesa za hija ya mke wangu. Twaenda Makka sote wawili, kwa ulimi wako."

Asiyemwamini alikuwa amelipa deni la mumewe, na aliyemwamini alikuwa anakwenda hija. Kavumbi alitafuna halwa. Ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Basi nambia na sukari," Mzee Huzaifa akamsogelea sikioni. "Itashuka lini?"

"Wallahi, mzee, sijui."

Mzee Huzaifa akamtazama, akacheka, akampiga begani.

"Haya," alisema, "hilo sasa ndilo nisiloliamini."