Habari za Kifaranga Mweusi Mwenye Upanga Bapa

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mnaojifanya mna haraka, mpate habari za Fundi Cherehani, Malkia wa Sindano, Mlezi wa Mitetea, aliyepigana vita vya miaka miwili katika uwanja wa hatua kumi na mbili, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, ili apate kuku mmoja tu: mweusi tii wa manyoya, mwenye upanga bapa.

Na upanga, kwa ninyi msiofuga, ni ile nyama nyekundu ya kichwani mwa kuku. Kwa wengine husimama wima wenye meno ya msumeno. Kwa kuku wa Fundi ulilala bapa, kama kofia iliyokaliwa. Panga bapa alikuwa nazo tele. Rangi ndiyo iliyomgomea: kizazi baada ya kizazi wakatoka wa rangi ya matope.

Basi mavyaa yake, Mtawala wa Sufuria, alipokanyaga kinyesi mara ya tatu na viatu vipya, akatoa tamko. "Mkwe wangu, nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umeniaga. Angua mara moja zaidi. Asipotoka huyo mweusi unayemhubiri, banda linavunjwa na kuku wanaingia sufuriani. Wewe utashona, mimi nitakaanga."

"Nimekusikia, mama," akajibu Fundi, naye aliwapenda kuku wale kupita kiasi, na kila mmoja alimjua kwa sauti.

Ikafika asubuhi ya kupandisha mitetea, na asubuhi hiyohiyo Fundi akatakiwa apeleke sare za shule. Nyuma ya ukuta alinguruma adui: jogoo wa jirani, jitu jeusi lenye upanga wima, Mruka Kuta, mharibifu wa uzao wa kuku wa watu. Fundi akamwita mumewe, Mpiga Chapa, akamwachia amri ya vita. "Mume wangu, natoka. Nikirudi nisiukute upanga uani. Nikiukuta, tusilaumiane."

Mpiga Chapa, mtii kuliko majeshi yote, akauchukua upanga wa kufyekea nyasi, akauvingirisha gazeti, akausukuma chini ya kitanda, akapanda juu ya kitanda hicho kuulinda, na usingizi ukamchukua palepale. Naye Mruka Kuta akaingia uani, akafanya aliyoyafanya, mara mbili, bila staha.

Fundi aliporudi alimkuta jogoo huyo akitembea kifua mbele kama mwenye hati ya kiwanja.

"Nilikwambia nini kuhusu upanga?"

"Nimeuficha," akasema Mpiga Chapa, akijinyoosha. "Hata wewe ukiutafuta huupati."

Fundi akakaa juu ya ndoo. Alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akamtazama mumewe kwa muda mrefu bila kumsaidia kuelewa.

Tembe, mtetea wake mchanga, akataga mayai manane, akayaatamia siku ishirini na moja. Siku ya hukumu mavyaa akaja na miwani puani na sufuria mkononi, akaketi mbele ya kiota. Wa kwanza akatoka mweusi, lakini upanga wima. Wa pili, matope. Wa tatu, matope. Hivyo hivyo mpaka wa saba, na mavyaa akaanza kuulizia vitunguu.

Yai la nane likapasuka polepole. Akatoka mweusi tii, akikohoa matusi. Mavyaa akamnyanyua kabla Fundi hajanyoosha mkono, akapitisha kidole gumba kichwani, akarudia. Kifaranga akapiga kelele, kisha akamnyea kiganjani.

"Kichwa bapa, kelele tele, adabu hana," akasema mavyaa taratibu. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Baba yenu mtupu huyu."

Mzee alikuwa amefariki mwaka wa tatu huo.

"Banda libaki," akasema mavyaa, akainuka. "Na huyu analala chumbani kwangu."

Basi na iandikwe kwamba saa nne na robo asubuhi ulimwengu ulipata kifaranga mmoja mweusi mwenye upanga bapa. Na kwamba Fundi Cherehani, Malkia wa Sindano, mshindi wa vita vya miaka miwili, alibaki uani mikono mitupu, akiisikiliza ngawira yake ikibembelezwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo.