Friji Ambayo Haikuungua

Jumatatu, 4 Agosti

Wiki ya tatu tangu mashine yangu ya kusaga iungue. Wiki ya pili tangu Yustina, mke wangu, aende Ikola, kando ya ziwa, kwa dada yake. Leo barua ya kampuni ya bima imefika. Hawalipi. Wanasema kwenye orodha ya vilivyoungua nimeandika friji, na majirani wamewaambia bandani kwangu hapakuwahi kuwa na friji. Watu wa Ilembo wana midomo. Yustina alinikataza kuiandika. Niliiandika. Akafunga nguo zake, akasema atarudi siku nitakaposema ukweli.

Nimeshinda bandani peke yangu, nakumbuka unga kwenye nyusi zake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata wakili mjini, Mama Specioza. Anatetea watu waliogomewa na bima. Kasoma mkataba wangu mstari kwa mstari, jambo ambalo mimi sijawahi kufanya. Anasema mashine ina risiti na picha, madai yana nguvu. Niandike tu barua ya kuikana friji. Nikaitikia vizuri.

Njiani nikapata wazo bora zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti

Agatha wa genge la mboga ana friji mbovu, kuku wake wanatagia humo. Kaniazima kwa ahadi ya debe la unga. Nimeisukuma kwa toroli, nimeipaka masizi, nimeilaza kwenye majivu. Imependeza. Nikatamani Yustina aione. Halafu nikakumbuka kwamba yeye hasa ndiye hapaswi kuiona.

Jumanne, 12 Agosti

Mkaguzi wa kampuni kaja kukagua upya, na Mama Wakili. Mkaguzi kapitisha kidole kwenye mlango wa friji, masizi yakabaki kidoleni. Kafungua. Katoka kuku, mzima, hana hata unyoya ulioungua.

Mama Wakili akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea kanisani. Akauliza mbele ya mkaguzi, "Mzee Yotham, friji hii ni ya nani?"

Nikasema ya Agatha. Nikasema yote. Kifua kikawa chepesi. Nikageuka kumtafuta Yustina, kwa mazoea tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama Wakili kapiga simu. Amewabana siku tisa. Friji imefutwa, nimesaini maelezo mapya, na mashine watailipa mwezi ujao. Kanionya nisiongeze neno lolote, popote.

Nikampigia Yustina. Nikamweleza nilivyosema ukweli, na kuku pia. Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu, na pumzi yake. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyopumua kabla ya kucheka. Akacheka. Akasema Jumamosi anakuja nyumbani.

Furaha ikanizidi. Nikamwambia mashine mpya imeshafungwa bandani, kubwa kuliko ile.

Kesho asubuhi naenda Kasekese kwa Benedikto. Ana mashine iliyokufa nyuma ya nyumba yake. Rangi nimeshanunua.