Vidonge Kumi na Tisa vya Iddi Kashindi

Jumatatu, 7 Septemba 2015

Siku ya sita bila usukani! Miaka ishirini na mbili mimi ndiye nahodha wa boti ya Mwamgongo, leo nakusanya nauli na kubeba kuku wa abiria. Yote kwa sababu ya kizunguzungu kimoja tu, pale ziwani mbele ya Gombe. Gahungu, msaidizi wangu, akadaka usukani, na hajauachia mpaka leo.

Mama Honorata, mwenye boti, kasema nisiuguse hadi nimletee kadi ya kliniki: presha imeshuka na dawa nimemeza zote. Kliniki ni Alhamisi. Gahungu naye ana presha, mwaka wa sita huu, lakini humeza kidonge chake kila alfajiri mbele za watu, kama anapigwa picha. Simpendi.

Shida ni kwamba Sista Rozalia wa zahanati huhesabu vidonge. Mara ya mwisho nilipewa thelathini, vimebaki kumi na tisa. Vinakojoza mno! Nahodha atachuchumaa wapi, na mama mkwe yumo botini?

Jumanne, 8 Septemba

Alhamdulillahi! Mambo yamejipa.

Kati ya abiria wa leo alikuwepo mama mmoja mkimbizi, Armelle, anakwenda kwa shemeji yake Gungu kusubiri usafiri wa kambini. Alikuwa ameshika kichwa. Akanionyesha kadi yake ya kliniki ya kwao Rumonge: presha, na dawa zilimwishia njiani. Nikampa kibahasha changu chote cha vidonge. Presha si ni presha? Akatokwa na machozi. Murakoze cane, mzee, akasema, yaani asante sana.

Nimetoa sadaka na nimemaliza dawa, kwa mkono mmoja. Gahungu angeweza hilo?

Jumatano, 9 Septemba

Nimeua mtu.

Gahungu kaja na habari asubuhi: mama wa Kirundi kaanguka Gungu, kakimbizwa zahanati hajitambui. Nikauliza jina. Hajui. Nikauliza umri. Kaniuliza mbona nahoji kama polisi.

Nimeshindwa kula. Nimewaza kukimbilia Mwamgongo, lakini boti anaendesha Gahungu! Mke wangu kaniuliza kuna nini, nikasema jino. Ee Mola, mama wa watu kavuka salama na risasi zote zile za kwao, nije nimmalize mimi na ukarimu wangu. Nimetafuna kitunguu saumu vichwa vitatu, eti kishushe presha. Hakuna aliyekaa karibu nami tena.

Alhamisi, 10 Septemba

Yu hai! Armelle yumo kwenye foleni ya zahanati, mzima, kanipungia mkono! Aliyeanguka ni mjamzito mwingine kabisa, alishinda na njaa, naye ameshapata nafuu. Nilitaka kucheza ngoma hapo hapo.

Nikaingia ndani. Mashine ikanibana mkono: mia na tisini kwa mia na kumi na tano. Sista Rozalia akafungua droo, akaweka mezani kibahasha. Juu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: IDDI KASHINDI, KIMOJA KILA ASUBUHI.

Kumbe Armelle hakumeza hata kimoja. Alivileta kuuliza kwanza, kwani ana matatizo ya figo na daktari wa kwao alimkataza dawa ya mtu mwingine. Sista akasema vile vyangu vingeweza kumdhuru vibaya. Akasema presha haipigi hodi, humezi kwa sababu unaumwa, unameza usiumwe. Na kama nakojoa sana, kwa nini sikusema? Akanibadilishia dawa papo hapo. Miezi minne nimeteseka, kumbe ilikuwa kusema tu!

Nje, Armelle akaniuliza polepole: mzee, unazo, halafu humezi? Niliona aibu, nakiri.

Ijumaa, 11 Septemba

Mama Honorata kaniongezea mwezi mzima. Kasema boti inabeba watu thelathini na hataki kwenda kuwaeleza jamaa zao walioko pwani kwamba nahodha alizimia. Gahungu kajitolea tumeze pamoja kila alfajiri, yeye chake, mimi changu. Kanishikia hadi kikombe cha maji. Nimemeza. Nimeapa kumeza maisha yangu yote.

Jumatatu, 14 Septemba

Vidonge vitatu tu, na jana nilikuwa mwepesi kama kijana! Maana yake nimepona. Kwa nini nimalize dawa nzuri na ugonjwa haupo?

Alfajiri ya leo kidonge nilikiweka chini ya ulimi, nikamshukuru Gahungu, nikageuka nikakitema ziwani. Hakuona kitu. Na kibahasha kipya nimeshachana ile sehemu yenye jina. Kosa langu lilikuwa hilo tu.

Mwezi ujao usukani ni wangu, na hao watu thelathini watajua nahodha ni nani. Kichwa kinagonga kidogo tangu mchana. Ni jua hilo, ingawa leo kumeshinda mawingu.