Bwawa la Maktaba Litakuwa Langu

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi imekuja! Mkutubi mkuu ametangaza kwamba bwawa jipya la bustani ya maktaba linataka mayungiyungi. Jumamosi asubuhi kila mkulima wa maua ya majini apeleke mabeseni mawili, naye atachagua mmoja wa kulipanda na kulitunza mwaka mzima. Mtaa mzima tuko wakulima wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni jirani yangu wa ukuta mmoja, Mama Mabeseni, mjane mwenye mabeseni arobaini uani na maneno machache mdomoni. Namhurumia.

Mke wangu amesema hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Nikilikosa bwawa, wiki ijayo naripoti dukani kwa kaka yake kupanga misumari. Shemeji huyo namzidi miaka mitatu, lakini huniita "kijana" mbele ya wateja. Afadhali nile hiyo misumari.

Kikwazo kidogo: mayungiyungi yangu yamekufa. Niliyapanda kwa samadi tupu ili yashibe. Samadi ikaelea, mizizi ikaelea, maji yakawa supu ya kijani. Mke wangu ameuliza harufu ile ni ya nini. Nimemjibu ni ya mafanikio. Watoto wamecheka huku wameziba pua.

Jumanne, 5 Machi

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zinanitosha ingawa kipara kimeanza. Nimemtuma Shangazi kwa Mama Mabeseni akanunue mayungiyungi matatu, ajifanye ni ya kwake. Nimemwapisha asitaje jina langu. Ameapa. Shangazi ni mtu wa siri sana. Siri zote za ukoo wetu nimezijua kupitia kwake.

Amerudi na miche mitatu mizuri, yenye matumba, pamoja na maagizo ya Mama Mabeseni: udongo mzito wa mfinyanzi, kokoto juu yake, kichwa cha mzizi kisifukiwe, na amwambie asitie samadi tena. Amwambie nani? Sikuelewa. Watu wakizeeka huanza kuongea peke yao.

Nimeipanda kwenye karai la kuogeshea watoto. Watoto wamenishukuru kwa moyo wote.

Jumatano, 6 Machi

Konokono! Wametoboa majani mawili. Sikubabaika. Nimeazima bata wawili kwa fundi baiskeli, maana bata na konokono ni kama paka na panya. Nikawaacha kazini, nikaenda kunywa chai.

Konokono wameliwa, siwezi kuwasingizia bata. Ila na mche mmoja umeliwa mpaka mzizi, na wa pili ulikuwa umeshaonjwa mke wangu alipotoka na ufagio. Fundi ameuliza kama bata wake wameshiba. Nimemhakikishia wameshiba.

Miche miwili imebaki. Mabeseni yanayotakiwa ni mawili. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Alhamisi, 7 Machi

Ugunduzi mkubwa! Asubuhi nimepanda juu ya ndoo nikachungulia ukutani. Maua yote ya Mama Mabeseni yaliyo karibu na ukuta yalikuwa wazi, ya zambarau, mazuri mpaka roho ikaniuma. Nikachungulia tena saa nane mchana. Yamefunga! Yote, kama maduka siku ya msiba. Yeye anafua wala hana habari. Maua mavivu kiasi hicho sijapata kuona. Yangu bado ni matumba, lakini najua yatakuwa na bidii.

Ndoo imeteleza nikaangukia upande wake. Amenikung'uta vumbi, amenipa maji ya kunywa, ameniuliza matumba yangu yanaendeleaje. Nimemwambia sina matumba yoyote. Amesema haya, jirani.

Sikupoteza muda. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mkutubi kumshauri ukaguzi usiwe asubuhi, uwe saa kumi na mbili jioni: jua limepoa, wasomaji wameondoka, utulivu mtupu. Amekubali, tena amenishukuru. Atampelekea Mama Mabeseni taarifa leo hii. Ampelekee tu!

Nimemsimulia mke wangu. Amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemkumbusha kwamba hapa tunazungumzia bwawa.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi matumba yamefunguka. Zambarau, wazi kama visahani. Nimelia, sioni haya kusema. Nikahamishia miche kwenye mabeseni mawili ya mke wangu, nikayapakia kwenye mkokoteni, saa nne nikawa maktaba. Wasomaji walitoka nje kunitazama. Mlinzi alinipigia saluti. Nilijiona nimeshaliramba bwawa lote.

Saa nane maua yakaanza kuinua mabega. Saa tisa yamefunga kabisa. Niliyapulizia. Niliyabembeleza. Nikayafungua kwa vidole, petali tatu zikabaki mkononi. Mengine nikayavuta kwa uzi mpaka yakafanana na wagonjwa waliofungwa bendeji.

Jioni akaja Mama Mabeseni na mabeseni mawili ya matumba yaliyofumba. Nilicheka kimoyomoyo, maana nina adabu. Kumbe! Jua lilipozama yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, meupe, mbele ya macho yetu, na harufu tamu ikajaa bustani. Mkutubi alisimama, mikono kifuani. Hata mimi nilisahau kupumua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama Mabeseni alieleza kwa sauti yake ndogo kwamba ya zambarau ni ya asubuhi na meupe ni ya jioni, basi aliposikia saa imebadilishwa akabeba meupe. Huo ni udanganyifu! Mtu anawezaje kushindana huku anayajua maua?

Bwawa amepewa yeye. Nilisukuma mkokoteni nyumbani nikiiona misumari mbele yangu, ya inchi mbili, ya inchi tatu, ya bati. Nilikaa nje ya mlango kwa muda. Mke wangu aliusikia mkokoteni. Alitoka, akayatazama maua yenye nyuzi, akaniletea chai. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Machi

Mama Mabeseni amebisha hodi. Anasema bwawa ni kubwa, mgongo wake umechoka, anatafuta mtu wa kubeba udongo mwaka mzima, na jirani ni ndugu wa karibu. Mke wangu amekubali kabla sijafungua mdomo. Shemeji ameambiwa misumari yake aipange mwenyewe!

Kwa hiyo nimeingia ndani ya ngome ya adui, tena kwa mwaliko wake. Wengine wangeita bahati. Mimi naita mbinu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimebeba makarai thelathini ya udongo. Mama Mabeseni amenionyesha jinsi ya kukandamiza mfinyanzi kuzunguka mzizi na kuacha kichwa nje. Ni mwalimu mpole, na nilitikisa kichwa kila alipotaka nitikise. Mawazo yangu yalikuwa mbali.

Ufunguzi wa bwawa ni Jumamosi jioni, naye atapanda meupe matupu. Aliponiambia hivyo nilitabasamu, akadhani nimefurahia kazi. Wakati wa mapumziko nikachepuka mpaka ofisini kwa Mkutubi, nikamshauri ufunguzi usogezwe saa saba mchana ili wageni waone vizuri. Amekubali! Saa saba maua yote ya Mama Mabeseni yatakuwa yamelala fofofo. Wageni watatazama majani na maji. Hapo ndipo nitakapoingia na mkokoteni wangu na mabeseni yangu mawili, na Mkutubi mwenyewe atauliza bwawa hili alipewa nani.

Nimeshamtuma Shangazi kwa Mama Mabeseni akaninunulie miche. Safari hii sibahatishi. Nimemwagiza alete yale meupe, aina ileile iliyoshinda.