Kompyuta Iliyolazwa Takiani

Zein hakuwa mwizi. Mwizi huingia usiku kupitia dirishani. Zein aliingia mchana kupitia mlangoni, akavua viatu na kuamkia. Siku alipopita mtaa wa Bondeni kwa Bi Lamis akaiona kompyuta ya kukunja imelazwa juu ya takia la sufi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio zote za mtaa ule, macho yalimng'aa. Bi Lamis aliitumia kuandikia kadi za harusi, ndiyo riziki yake. Sasa kila akiiwasha ilipata joto ikazimika, na watu wa harusi walikuwa wanangoja.

Zein aliujua ugonjwa papo hapo: vitundu vya kupumulia viko chini na ubavuni, na takia limeviziba. Muungwana angesema. Zein alimkumbuka karani mmoja wa godauni kule Shimanzi aliyekuwa akitafuta kompyuta kama ile ya kununua. Akaipapasa kama anayepima homa.

"Pole, mamangu. Hii ishakufa. Joto limeingia ubongoni."

"Yarabi. Na kadi zangu?"

Kutaka kuinunua kungeleta shaka, kwa hiyo alipita njia ya heshima. Alikwenda kwake, akabeba feni ya meza ya mkewe Tumu bila kumuuliza, akarudi nayo. Mbele ya jirani, Mzee Muhdhar, akaiweka mezani.

"Hii ni zawadi, mamangu. Sitaki kitu. Na hilo chuma bovu n'takutupia mwenyewe."

Mzee Muhdhar akamwombea dua ndefu, na Zein akaitikia amina kwa moyo mkunjufu. Mwenye akili angeibeba kompyuta akaenda zake.

"Chukua, mwanangu," Bi Lamis akasema. "Ila Gunga, yule fundi redio wa Mwembe Tayari, asema mjini humu hakuna awezaye kuifufua. Nikamuuliza, hata Zein? Akacheka."

"Alicheka?"

"Sana."

Zein aliweza kuvumilia njaa na maneno ya Tumu, lakini si kicheko cha Gunga. Aliagiza wavu wa kuchomea mishikaki. Akaondoa kitambaa na takia, akapuliza vumbi vitunduni, akafudikiza vikombe, akaweka wavu juu yavyo na kompyuta juu ya wavu, kisha akaiwasha na kuielekezea feni.

"Hewa yaingia chini, moto watoka ubavuni. Gunga ajua haya?"

"Gunga hata hajaiona," alijibu Bi Lamis, vidole vishaanza kuandika. Zein alikuwa akijisifu, hakusikia.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, kompyuta ingali inafanya kazi.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Lamis. "Basi hakuna cha kutupa."

Zein akakohoa. "Sasa mamangu, ile feni..."

Mzee Muhdhar akainua macho. "Arudiaye zawadi yake, mwanangu, wajua amefananishwa na nani."

Zein alijua: na mbwa arudiaye matapishi yake.

"Nasema igeuzwe kidogo upande huu," akasema.

Bi Lamis akaigeuza. Nje joto la kaskazi lilikuwa limeshika kuta, na nyumbani Tumu bila shaka ashaanza kuulizia feni yake. Zein akavuta kigoda, akajitolea kukunja kadi zote za harusi.